Chusa, Mbwa na Tundu la Kware: Uwindaji wa Kale Migori na Homa Bay

Kiboko ndiye mnyama mwenye historia ndefu zaidi ya kuliwa katika eneo la Homa Bay. Huko Nyayanga, kwenye rasi ya Homa huko Karachuonyo, watafiti walifukua zana 330 za mawe na vipande 1,776 vya mifupa ya wanyama katika udongo wenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Matokeo yao yalichapishwa Februari 2023. Baadhi ya mifupa hiyo ni ya viboko wasiopungua watatu, na kwenye ubavu mmoja ipo alama ya jiwe kali lililopita likichuna nyama. Moto ulikuwa bado haujaanza kutumiwa, kwa hiyo nyama ile huenda ilipondwapondwa kwa mawe na kuliwa mbichi.

Ikiwa viboko hao waliuawa au waliokotwa wakiwa mizoga, mifupa haisemi. Mbele kidogo kwenye rasi hiyohiyo, Kanjera Kusini, ushahidi umekaa vizuri zaidi. Louis Leakey alifika Kanjera mwaka 1932 akitafuta mabaki ya binadamu. Wachimbaji waliomfuata miongo mingi baadaye ndio waliopata picha ya ulaji. Miaka milioni 2 hivi iliyopita, swala wadogo wa kimo cha mbuzi walikuwa wakifikishwa pale miili yao ikiwa kamili, kabla fisi na simba hawajawagusa. Kwa wanyama wakubwa zaidi hali ilikuwa tofauti: vilivyozidi ni vichwa, na mafuvu yalipasuliwa ili kutoa ubongo. Yaelekea swala wadogo waliwindwa, na vichwa viliokotwa mahali ambapo wanyama wakali walikuwa wameshashiba, kwa kuwa fuvu la mnyama mkubwa huwashinda walaji nyama wengi. 

Sehemu inayofuata ya historia iko upande wa Migori, kwenye maporomoko ya Gogo katika mto Kuja. Takriban miaka 2,000 iliyopita waliishi hapo wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo ambao jaa lao la takataka linashangaza: pamoja na mifupa ya mifugo imo mifupa ya samaki na ya wanyamapori wa aina nyingi. Wafugaji wa zama hizo waliokaa nyanda za juu za Bonde la Ufa, wenye vyungu na zana za mtindo uleule, walitegemea mifugo yao karibu peke yake. Kwa miaka mingi maelezo yaliyokubalika yalikuwa kwamba mbung'o wa kandokando ya Ziwa Victoria waliwaua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana, na wenye ng'ombe wakalazimika kuwinda. Mwaka 2015 uchunguzi wa kemikali zilizomo kwenye meno ya wanyama wa Gogo uliyatia maelezo hayo mashakani. Wanyama wale, wa kufugwa na wa porini, walikula nyasi kwa wingi, maana yake nchi ilikuwa wazi na vichaka ambavyo mbung'o huvipenda vilikuwa vichache. Watu wa Gogo waliwinda kwa sababu mto, ziwa na mbuga vilikuwa mlangoni mwao. Mtu mwenye zizi lililojaa anaweza pia kupenda nyama ya porini, jambo ambalo wenyeji wa Nyatike na Ndhiwa wasingehitaji maabara kulithibitisha.

Zizi lenyewe lilihitaji ulinzi. Huko Thimlich Ohinga, karibu na Gogo, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, zilijengwa kuanzia karne ya 16 na kuendelea kutumiwa na makundi mbalimbali yaliyopokezana eneo hilo. Malango yake yameachwa kuwa mafupi, kiasi kwamba anayeingia huinama. Ukuta wa namna hiyo ulizuia wavamizi wa mifugo, na pia chui na fisi. UNESCO iliingiza Thimlich Ohinga katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018.

Wajaluo waliposambaa kusini ya ghuba ya ziwa hilo na kukaa jirani na Waabasuba na Wakuria, kila jamii ilikuwa na mnyama wake na njia yake, na kwa kawaida ardhi ndiyo iliyoamua. Kwenye tambarare za Lambwe, Kanyamwa na Kadem palikuwa na nyati, nyamera, kongoni, taya, tohe na korongo, swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe ambaye Wajaluo humwita omoro. Wanyama hawa waliwindwa kwa msako wa pamoja, dwar. Msako ulifaa wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yameingia ghalani na nyasi zikiwa zimekauka au zimechomwa, kwa kuwa katika nyasi ndefu mkuki hauoni mbali. Wanaume wa koo jirani walitoka na mbwa na mikuki, wakajipanga kwa upana, wakapiga kelele na baragumu huku wakiusogeza mstari mpaka ukawa duara. Mbwa ndio walioibua na kuchosha mnyama; mkuki ulimaliza kazi. Mbwa hodari alijulikana kijiji kizima.

Mgao wa nyama ulikuwa na sheria iliyozuia ugomvi: aliyetangulia kumchoma mnyama ndiye mwenye haki, hata kama mnyama aliangukia mbali kwa mkuki wa mwingine, na aliyefuatia alipata fungu lake. Nyati alipendwa zaidi na aliogopwa zaidi. Nyama yake ililisha watu wengi na ngozi yake ngumu ilitengenezwa ngao. Ngozi ya chui haikuwa ya kila mtu, ilikuwa vazi la wakubwa. Meno ya kiboko na ya ngiri yalipamba vilemba vya mashujaa, pamoja na manyoya ya mbuni. Vijana wadogo waliachiwa sungura na kanga, kwa rungu na mitego ya kamba, na huko ndiko walikojifunzia.

Ziwani kazi ilikuwa tofauti, na hatari yake pia. Kiboko hakimbizwi kwa mbwa. Wawindaji wa visiwani na ufukweni, hasa wa Rusinga, Mfangano na Gwassi, walimtafuta kwa mitumbwi na chusa. Chuma cha chusa kilikuwa na kulabu na hakikukazwa kwenye mpini; kilichomekwa tu, kikafungwa kamba ndefu, na mwisho wa kamba ukafungwa boya la orindi, mti mwepesi wa majini unaoelea kuliko gome lolote. Chusa ilipoingia mwilini, mpini ulichomoka na kubaki mkononi au kuelea, chuma kikabaki ndani. Kiboko alizama, lakini boya lilibaki juu likiwaonyesha alipo. Mitumbwi ilimfuata, ikamchoma tena kila alipoibuka kuvuta pumzi, hadi alipochoka na kuburutwa ufukweni. Kosa la hatua moja liliweza kuupindua mtumbwi. Walioogopa maji walichimba mashimo kwenye njia ambazo kiboko huzipitia usiku akitoka kula, wakayafunika kwa matawi na nyasi. Shimo halikuhitaji ujasiri, lilihitaji jembe na subira, na liliokoa pia shamba la mtama. Si kila ukoo ulimla kiboko, ila hata wasiomla walifurahi kumwona amelala shimoni.

Mashariki ya Migori, kwenye vilima vya Kuria vinavyoelekea Mara, silaha kuu ilikuwa uta. Mishale ya Wakuria ilipakwa sumu ya msunguti, inayopatikana kwa kuchemsha magome na mizizi ya mti huo mpaka yatoke maji mazito meusi kama lami. Sumu hiyo huusimamisha moyo. Mwindaji hakuhitaji kumwangusha mnyama papo hapo. Alihitaji kumgusa damu, kisha kufuata nyayo kwa utulivu. Nyama iliyozunguka jeraha ilikatwa na kutupwa, iliyobaki ililiwa. Kwa njia hii mtu mmoja au wawili waliweza kumpata mnyama ambaye kwa Wajaluo wa tambarare angehitaji kijiji kizima, na uwindaji wa Kuria ulikuwa wa kimya kwa kadiri ile dwar ilivyokuwa ya kelele.

Miaka ya 1890 ilivuruga mpangilio huo wote. Sotoka ilipita Afrika Mashariki ikiua ng'ombe na pia nyati. Muda mfupi baadaye ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, ulitanda pwani ya ziwa kutoka Uganda. Gwassi, Kaksingri, visiwa vya Suba na bonde la Lambwe zilipoteza watu wengi, na waliobaki walihama. Vijiji vilipoachwa, vichaka vilirudi. Na vichaka viliporudi, mbung'o walifuata. Mwanajiolojia Mwingereza Felix Oswald alifika Karungu mwaka 1911 kutafuta mifupa ya kale, na kitabu alichokichapisha mwaka 1915 kuhusu safari yake kiliieleza sehemu hiyo kwenye jina lake kuwa nchi ya malale. Lambwe ikawa ya wanyama kwa sababu binadamu walishindwa kuikalia, na hii ndiyo asili halisi ya hifadhi iliyopo leo. Wanaodhani serikali ilitenga msitu uliokuwa mtupu tangu zamani wanasahau makaburi.

Wakati huohuo ilikuja sheria. Mkataba wa London wa Mei 1900 uliyataka mataifa ya kikoloni yapunguze kadiri iwezekanavyo matumizi ya nyavu na mashimo, na kanuni za wanyamapori zilizotungwa katika Afrika Mashariki ya Kiingereza ziliufuata mwelekeo huo. Bunduki yenye leseni ikawa uwindaji. Shimo, mtego na sumu vikawa ujangili. Mzungu aliyelipa ada aliweza kuua tembo, na mzee wa Kadem aliyenasa pongo kwenye shamba lake alikuwa mkosaji. Utawala wenyewe haukuwa na msimamo mmoja kuhusu Lambwe. Idara ya mifugo na ya afya iliona nyati, pongo na ngiri kuwa maghala ya vijidudu vya nagana na malale, ikataka vichaka vifyekwe na watu wahamishiwe bondeni. Wenye dhamana ya wanyamapori walitaka wanyama wabaki. Baada ya uhuru dawa ilinyunyizwa hata kutoka angani, na bado malale yalizuka tena mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Upande wa ziwa, mamba waliwindwa kwa ajili ya ngozi zilizokuwa na soko Ulaya katikati ya karne ya 20, na wakapungua. Tembo na simba walikuwa wameshakwisha katika sehemu kubwa ya kusini mwa Nyanza. Mashamba na idadi ya watu ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Mikuki ilikuwepo kwa karne nyingi bila kummaliza mnyama yeyote.

Bonde la Lambwe lilitangazwa hifadhi mwaka 1966, hasa kwa ajili ya korongo, na mwaka 1983 likawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120. Katikati ya tarehe hizo, Mei 1977, Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliendelea kuuharamisha hata ule wa kujipatia kitoweo. Dwar ilikwisha hadharani. Kilichochukua nafasi yake ni tanzi la waya, linalotegwa usiku kwenye njia ya wanyama na kuachwa. Waya hauchagui dume wala jike mwenye mimba, haukaguliwi kila siku, na mnyama anaweza kuozea ndani yake. Kwa kipimo chochote cha ufundi ni uwindaji duni kuliko ule uliogeuzwa ujangili na sheria za kikoloni. Waya ni miongoni mwa sababu zilizowaangusha korongo wa Ruma, ambao miaka ya 1970 walikuwa mamia na siku hizi ndio wa mwisho nchini Kenya, wakiwa wachache kuliko wanafunzi wa darasa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vifaru weusi na weupe waliletwa mbugani, ulinzi ukaongezwa, na uzio wa mbuga ukapata maana mpya kwa wakazi wa Ndhiwa na Suba.

Uwindaji mmoja wa kale haukufa: wa kware, aluru. Ndege hawa huja mashambani nyakati za mvua. Mtegaji husimamisha mti mrefu shambani na kuutundika matundu yaliyofumwa, kila tundu na ndege wake wa kuita. Chini, kwenye vijia vilivyosafishwa katikati ya nyasi, hutega vitanzi vyembamba. Kabla ya mapambazuko walio juu huanza kuita, walio porini hujibu na kutembea kuelekea sauti, maana kware hupenda kutumia miguu kuliko mabawa. Jua likichomoza mtegaji hupita akikusanya. Ndege wa kuita aliye hodari hauzwi hovyo, na kumtunza ni kazi ya mwaka mzima.

Mwaka 2013 mayai ya kware yalipovumishwa nchini kuwa dawa ya kila ugonjwa, watu walipanga foleni kuomba leseni za ufugaji kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na bei ikapaa. Kabla mwaka 2014 haujafika mbali soko lilianguka na wengi walibaki na ndege wasio na mnunuzi. Waliofugwa kwenye mabanda hayo walikuwa hasa kware wa asili ya Japani. Yule wa mashamba ya Migori na Homa Bay ni ndege mwingine, na bei yake sokoni hufuata mvua.