Kesi ya kuachishwa kazi serikalini haisikilizwi mara mbili

Mtumishi wa umma aliyefutwa kazi kinyume cha sheria ana haki ya kwenda mahakamani. Hata hivyo, haki hiyo ni ya mara moja. Akishindwa, hawezi kupeleka madai yale yale mbele ya jaji mwingine akitumai kupata hukumu tofauti.

Kizuizi hicho kimo katika Kifungu cha 7 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21. Mahakama hutazama kama suala linalobishaniwa ni lile lile, kama pande zinazohusika ni zile zile na zinadai haki ile ile, kama mahakama ya kwanza ilikuwa na mamlaka, na kama ilitoa uamuzi wa mwisho baada ya kusikiliza kesi. Mambo hayo yote yakithibitishwa, kesi ya pili hutupwa.

Sheria hiyo pia huhesabu hoja iliyopaswa kutolewa mwanzoni kana kwamba ilitolewa. Karani wa wizara aliyedai mshahara wa notisi pekee hawezi kurudi baadaye kudai fidia ya kufutwa bila kusikilizwa, ambayo chini ya Sheria ya Ajira ya 2007 yaweza kufikia mshahara wa miezi 12.

Baadhi ya walalamishi huivika kesi vazi jipya kwa kutaja Kifungu cha 41 au cha 236 cha Katiba ya 2010, vinavyolinda wafanyakazi na maafisa wa umma. Mwaka 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kizuizi hicho kinahusu hata kesi za kikatiba, isipokuwa katika mazingira ya kipekee au pale dhuluma kubwa ingetokea.

Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Ajira na Leba ana njia mbili. Ya kwanza ni rufaa, ambayo ilani yake huwasilishwa katika muda wa siku 14. Ya pili ni kuiomba mahakama iyo hiyo iuangalie upya uamuzi wake, kwa sababu ya kosa lililo wazi au ushahidi mpya ambao haungeweza kupatikana awali licha ya juhudi.

Kesi iliyoondolewa kwa dosari ya utaratibu bila kusikilizwa yaweza kuwasilishwa tena. Hapo adui ni wakati, kwani madai ya ajira hufikishwa kortini katika muda wa miaka mitatu. Mwaka 2016, Mahakama ya Rufaa ilisema muda huo huhesabiwa tangu siku ya kufutwa, hata kama mhusika alikuwa akingoja kesi yake ya jinai imalizike.

Vile vile, Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 humtaka afisa aliye chini yake amalize rufaa katika Tume kabla ya kwenda kortini.

Kwa hivyo, aliyefutwa hana budi kukata rufaa hiyo mapema na, afikapo kortini, kuweka madai yake yote katika kesi moja.