Nani Mlinzi wa Njia? Habari za Bisie na Walikale

Katika nchi yetu ya Walikale na Masisi mtu akirudi kutoka safari haulizwi kwanza kama ana njaa. Aulizwa: "Njia iko namna gani?" Swali hili ni fupi, lakini ndani yake mna historia ya miaka thelathini na zaidi. Maana yake ni hii: Nani amesimama njiani leo? Amekutoza nini? Je, sisi twaweza kupita kesho?

Leo nataka kueleza habari za njia moja, ile itokayo katika machimbo ya Bisie. Sifanyi hivyo ili kufufua machungu ya zamani, bali kwa sababu njia hii imetufundisha jambo moja juu ya usalama wa vijiji, na mafunzo hayo yalinunuliwa kwa bei kubwa mno. Si vema yasahauliwe.

MLIMA WA BATI

Bisie ni mlima ndani ya mwitu, upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Walikale. Mnamo mwaka 2002 watu waligundua hapo mawe mazito ya kasiteriti, ambayo ndani yake hutoka bati. Bati si kitu cha kuonekana sana, lakini dunia nzima yaihitaji: ndiyo inayoshikiza nyaya na vyuma vidogo ndani ya redio, simu na kompyuta. Bei yake ilipopanda, watu maelfu wakakimbilia Bisie: wachimbaji, wapagazi, wachuuzi, wapishi, hata watoto walioacha shule.

Hapakuwa na barabara. Kila kilo ilitoka mgongoni mwa mtu. Mpagazi alijitwika mzigo wa kilo 50, akashika njia ya mwitu kwenda Njingala, akivuka matope na vijito, mwendo wa siku moja au mbili. Kisha mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya barabara ya lami yenyewe, zikapakia mawe na kuyapeleka Goma. Wakati ule sehemu kubwa ya kasiteriti ya Kivu ya Kaskazini ilitoka katika mlima huu mmoja.

Mahali penye mali nyingi na sheria kidogo, mnyang'anyi hufika kabla ya hakimu. Lakini wanyang'anyi wa Bisie hawakujificha vichakani. Walikaa mchana, kando ya kamba iliyofungwa kukatisha njia, na bunduki magotini. Ndizo zile bariera tunazozijua sote.

Toka mwaka 2006 mpaka mwanzo wa mwaka 2009 machimbo yalikuwa mikononi mwa Brigedi ya 85, iliyoongozwa na Kanali Samy Matumo. Hapo kwanza watu hao walikuwa Mai-Mai, yaani vijana waliojikusanya wakati wa vita wakisema wanawalinda wenyeji. Baadaye wakavikwa nguo za jeshi la serikali, lakini hawakuchanganywa na askari wengine. Wakatoza ushuru mashimoni, wakatoza njiani, wakapata na mashimo yao wenyewe.

Tusiseme upesi kwamba watu hao walizaliwa wabaya. Afadhali tuangalie jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Askari asiyepata mshahara hutafuta chakula. Akikipata njiani, njia yawa shamba lake. Na mwenye shamba hapendi lichukuliwe: hofu ya watu ikiisha, na mavuno yake yamekwisha. Hivyo aliyewekwa ili aondoe hofu huanza kuilinda hofu yenyewe. Huo ndio ugonjwa wa Bisie, na wala si wa Bisie peke yake.

Mwaka 2009 Brigedi ya 85 iliondolewa, wakaja askari wengine, ambao wengi wao walikuwa waasi wa CNDP waliotiwa jeshini. Watu wakatumaini. Lakini kamba ya njiani haikukatwa. Ilibadili mwenyewe tu. Mwezi Agosti mwaka ule ule watu wenye silaha wakaishambulia Bisie, wakaua raia na kupora. Waliolipa kila siku ili walindwe, siku ile hawakulindwa.

LUVUNGI: SIKU ZA UKIMYA

Kutoka Walikale barabara kubwa yaelekea mashariki, upande wa Masisi na Goma. Juu ya barabara hiyo, kati ya Mpofi na Kibua, kuna kijiji cha Luvungi na vijiji vingine jirani. Askari wa serikali waliokuwa wakikaa sehemu ile walikuwa wameondoka. Ndipo kuanzia tarehe 30 Julai mpaka 2 Agosti 2010 watu wenye silaha waliingia katika vijiji 13. Walikuwa Mai-Mai wa Sheka, wapiganaji wa FDLR, na askari waliotoroka jeshini.

Mambo waliyoyatenda siku hizo ni mazito kuyaandika. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2011 ulihesabu watu 387 walionajisiwa: wengi wanawake na wasichana, lakini hata wanaume na wavulana. Watu 116 walichukuliwa kwa nguvu. Nyumba zaidi ya 900 ziliporwa.

Sasa sikilizeni. Huko Kibua palikuwa na kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa, kilometa kama 30 tu kutoka Luvungi. Katika vijiji vile hapakuwa na mtandao wa simu, wala redio ya kupeleka habari. Umoja wa Mataifa wenyewe ulisema kwamba ukubwa wa maovu haya haukujulikana kwao mpaka karibu tarehe 12 Agosti, walipoambiwa na waganga wa shirika la International Medical Corps. Siku kumi zilikuwa zimepita! Mwezi Septemba 2010 Bwana Atul Khare, mkubwa mmoja wa Umoja huo, alikiri mbele ya Baraza la Usalama kwamba kazi yao haikutosha.

Siku hizo kumi si za kuhesabu kwa vidole tu. Mtu aliyenajisiwa akifika kwa mganga kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, hupewa dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi. Saa hizo zikipita, kinga hiyo haipatikani tena. Kwa hiyo kuchelewa kwa habari kulikuwa pigo la pili kwa watu waliokwisha kupigwa mara ya kwanza.

Babu zetu wa mwitu walijua jambo hili. Walikuwa na ngoma ya mti uliotobolewa, na sauti yake ilitoka kijiji hata kijiji, ikatangaza kifo, ugeni au hatari. Kijiji kilichosikia kilikuwa na wajibu wa kupokea na kupeleka mbele. Vita vilipotawanya watu, na vijiji vikahamahama, minyororo hiyo ya kupeleka habari ilikatika. Bunduki zilikuwapo Walikale, tena nyingi. Kilichokosekana ni mtu wa kumpelekea habari, tena mtu mwenye wajibu wa kuitika.

Baada ya Luvungi askari wa Umoja wa Mataifa walitumia wenyeji wanaojua lugha za watu, wakae karibu na vijiji na kupokea habari zao. Wakuu wa vijiji na watu wengine wa kuaminiwa wakapewa simu na redio, ili hatari ikitokea wajue wa kumwita. Jambo hilo halikumaliza vita. Lakini kwa asili yake ni ile ile ngoma ya mababu, na ni ajabu kwamba tulihitaji msiba mkubwa hivi ndipo tuikumbuke.

HATARI MBILI

Lakini mwenye busara atasema: "Habari nayo huua." Ni kweli. Mwezi Machi 1993, huko Ntoto katika Walikale, vijana wenye silaha waliwashambulia watu sokoni na kuwaua kwa sababu ya kabila lao. Kabla ya hapo maneno ya uchochezi juu ya ardhi na siasa yalikuwa yamepita kinywa hata kinywa. Kila kabila lilikuwa limesikia kwamba jirani yake anajitayarisha. Moto ule ukaenea mpaka Masisi, wakafa maelfu ya watu. Basi habari ya kweli yaokoa kijiji, uvumi wakiteketeza. Na vyote viwili hupita katika njia ile ile, yaani ulimi.

Hatari ya pili ni mlinzi wa kijiji asiyekuwa na wa kumwuliza. Tuangalie mfano wa jirani zetu wa Tanzania. Mnamo mwaka 1982, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, watu walichoshwa na wezi wa ng'ombe. Wakaunda Sungusungu: kila mwanamume na upinde wake, na mtu akiibiwa hupiga yowe, kijiji kizima hutoka kufuata nyayo. Wizi ulipungua sana, hata serikali ikawatambua. Lakini mahali pengine wakaanza kuwapiga watu walioshitakiwa uchawi, wakiwemo wazee wasio na hatia. Yowe lilikuwa jema. Ubaya uliingia pale walipojifanya mahakimu. Nasi tumeona Mai-Mai, walioanza kwa jina la ulinzi, wengine wao wakaishia mahali gani.

Huyo Sheka niliyemtaja, jina lake kamili Ntabo Ntaberi Sheka, alikuwa ameshughulika na biashara ya madini kabla ya kuunda kundi lake mwaka 2009. Hati ya kumkamata ilitolewa Januari 2011, lakini alikaa porini miaka mingi. Alijitoa mwenyewe Julai 2017, na mwezi Novemba 2020 korti ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Watu walioteswa walikubali kuja kutoa ushuhuda. Haki ilitembea polepole kama mpagazi wa Njingala, lakini ilifika, kwa sababu kuna watu walioweka kumbukumbu na hawakunyamaza.

Na Bisie yenyewe? Mwezi Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, nayo amri ikaondolewa Machi 2011. Baadaye ilikuja kampuni ya Alphamin, ikakata barabara mwituni, na mwaka 2019 ikaanza kutoa bati kwa mashine. Lakini mashine nazo zahitaji njia yenye amani. Machi 2025 waasi wa M23 walipoikaribia Walikale, kampuni ilisimamisha kazi tarehe 13. Tarehe 19 mji ukatwaliwa. Waasi walipoondoka mwanzo wa Aprili, kazi ikaanza tena. Wenye kampuni waliondolewa mapema kwa sababu walipata habari mapema. Mkulima wa kando ya barabara naye alistahili kupata habari saa ile ile.

YATUPASAYO

Basi, wasomaji, yatufaa nini katika vijiji na mitaa yetu?

Kwanza, kila nyumba ijue ya nani anaitwa usiku: mkuu wa kijiji, mkubwa wa nyumba kumi, kiongozi wa jumuiya, muuguzi wa zahanati. Namba zao ziandikwe ukutani, kwa kuwa simu hupotea au huibiwa. Pasipo na mtandao, mpatane juu ya filimbi, debe au kengele ya kanisa, na mlio wa hatari usifanane na mlio wa sala.

Pili, kabla ya kupeleka habari jiulize: Nani ameona kwa macho yake? Wapi? Saa ngapi? Watu wangapi, nao wanaelekea wapi? Usipojua, sema, "Nimesikia, sijaona." Wala usiseme "kabila fulani wanakuja". Mwizi ana jina lake mwenyewe. Kabila halina hatia ya mtu mmoja.

Tatu, msitembee peke yenu kwenda shamba la mbali, kisimani au sokoni. Mwenye kuuza madini au mavuno asitangaze siku ya kubeba fedha. Mwambieni mtu mmoja saa mtakayorudi, naye akiona saa imepita aulize.

Nne, mwizi akikamatwa asipigwe mpaka kufa wala kuchomwa moto. Apelekwe kwa wakuu mbele ya mashahidi. Umati ukiua leo mwenye hatia, kesho utaua asiye na hatia, na hakuna atakayejibu.

Tano, aliyenajisiwa apelekwe kwa mganga siku ile ile, kwa siri na kwa heshima. Asiulizwe alivaa nini, wala mume asimfukuze mkewe. Aibu ni ya aliyetenda.

Sita, wakichaguliwa vijana wa kulinda zamu, wawe chini ya watu wazima wanaojulikana, wabadilishwe, nao wasitoze mtu kitu njiani, hata ndizi moja. Kijiji kiwalishe, ili njia isiwalishe. Siku watakapofunga kamba na kudai ushuru, hao si walinzi tena.

Sote twajua habari ya yule mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi kwenye njia ya Yeriko. Waliompita hawakumpiga, walipita tu, wakanyamaza. Huko Luvungi ukimya uliwatesa watu baada ya wanyang'anyi kwisha kuondoka. Jioni hii, kabla hujafunga mlango, mwendee jirani yako mumuulizane: likitokea neno usiku, nitakuitaje, nawe utaniitaje?