Gemu za Chumbani

Mwaka 1983 kijana wa miaka 17, Matthew Smith, mkazi wa Wallasey karibu na Liverpool, aliandika gemu ya kompyuta kwa wiki chache tu. Aliiita Manic Miner. Iliuzwa kwa kaseti zile zile za muziki, na mwenye kompyuta ya ZX Spectrum ilimbidi aiunganishe na redio kaseti, abonyeze, kisha angoje dakika kadhaa huku mashine ikipiga makelele ya kukwaruza masikio. Ndani yake mchimba migodi Willy anapita mapango 20, na katika kila pango hewa inapungua taratibu. Ukiishiwa na maisha yote, buti kubwa linashuka kutoka juu na kumponda. Nimeicheza kwa programu inayoiga mashine hiyo ya kale. Ni ngumu kupita kiasi, lakini buti lile hunichekesha kila linaposhuka. Katika kampuni yenye wakurugenzi na vikao, lingefutwa siku ya kwanza.

Gemu ninazozipenda zote zina buti la aina hiyo mahali fulani: jambo ambalo mtu mmoja alilipenda, akalitia, na hapakuwa na wa kumuuliza kwa nini. Siku hizi huitwa gemu za indie, na vijana wengi hudhani zimezaliwa na intaneti. Sivyo. Biashara yenyewe ilianzia chumbani, mezani pa mtu mmoja. Mafundi hawakupungua wakati wowote. Kilichokuwa kikibadilika ni nani ameshika ufunguo wa duka.

Katika miaka ya 1990 ufunguo huo ulienda mbali. Aliyetaka kuuza kwenye mashine za Nintendo, Sega au Sony alihitaji kibali chao, pesa za kutengenezea katriji au CD, na msambazaji wa kumpatia nafasi kwenye rafu. Michoro ilipogeuka ya pande tatu, ikahitaji kundi zima la wachoraji. Kwenye kompyuta palibaki upenyo: unagawa sehemu ya kwanza bure, watu wanakiliane wenyewe, atakayependa aagize zilizobaki. Gemu ya Doom ilienea hivyo kuanzia Desemba 1993. Lakini kijana wa Wallasey, kama angezaliwa miaka kumi baadaye, angeishia kuomba kazi kwa mtu.

Aliyenionyesha kwamba chumba bado kina nguvu ni Mjapani Daisuke Amaya, anayejulikana zaidi kwa jina la Pixel. Alianza Cave Story akiwa mwanafunzi, akaendelea nayo baada ya saa za kazi, jumla miaka mitano. Alichora mwenyewe, akatunga muziki mwenyewe, akaandika programu mwenyewe. Desemba 2004 aliiweka mtandaoni bure kwa Kijapani, na mashabiki wakaitia Kiingereza bila kulipwa. Ukubwa wake ni megabaiti chache, kwa hiyo laptopu yangu ya mtumba, inayokohoa ikifungua kurasa mbili za intaneti, huiendesha bila taabu. Inaanza kama katuni ya watoto: karoboti kadogo kamezinduka pangoni, kanakutana na viumbe weupe mfano wa sungura. Halafu yanatokea maua mekundu yanayowatia wazimu viumbe hao, na mchezaji anaacha kutabasamu. Kuna ufundi mmoja ambao wakubwa wangefaa kuuiga: silaha hukua kwa vipembetatu vya manjano unavyookota, na adui akikupiga, silaha nayo hurudi nyuma. Hofu ya kupigwa inaingia mpaka vidoleni.

Sisi wa rika langu hapa Mombasa hatukuanza na Cave Story. Tulianza kwenye saiba, yaani mikahawa ya intaneti, shilingi moja kwa dakika, na mwenye saiba hakuruhusu mtu kusakinisha kitu kwenye mashine zake. Gemu za Flash hazikuhitaji kusakinishwa. Zilifunguka ndani ya kivinjari, na hiyo ndiyo sababu pekee zilitufikia. Tuliingia tovuti ya Miniclip, tukacheza mpaka skrini ikajifunga muda ulipokwisha. Majina ya watengenezaji hatukuyajua, wala hatukuuliza. Baadaye sana nilikuja kufahamu kwamba wakati huo huo, mwaka 2003, mwanafunzi wa sanaa jijini Prague, Jakub Dvorský, alitoa gemu ya Flash iitwayo Samorost kama kazi yake ya kumalizia masomo. Kijitu chenye nguo nyeupe kinaishi kwenye kisayari cha mizizi na kuvu, na wewe unabofya huku na huku ukitafuta kitakachotokea. Inamalizika kabla chai haijapoa.

Dvorský aliunda studio, Amanita Design, na mwaka 2009 watu saba wakatoa Machinarium. Ukiniuliza gemu iliyochorwa vizuri kuliko zote, nitakujibu hiyo na sitabishana. Ni mji wa mabati na kutu uliochorwa kwa mkono, na roboti aliyetupwa jalalani anarudi mjini akijirefusha na kujifupisha kiwiliwili ili afikie vitu. Hakuna neno hata moja la mazungumzo. Roboti wanasimuliana kwa vipovu vya michoro juu ya vichwa vyao. Mpwa wangu aliicheza kabla hajajua kusoma, akawa ananieleza yeye hadithi.

Huku kwetu Machinarium ilifika kwa flashi za USB, ikipita mkono kwa mkono bila mtu kulipa. Na si huku tu. Mwaka 2010 studio ilikadiria kwamba waliolipa ni wachache mno miongoni mwa wachezaji wote, ikatangaza msamaha: aliyeichukua bure aje alipe dola 5 badala ya 20, na yaishe. Nakumbuka nilivyolipenda tangazo hilo, maana halikuwa na vitisho. Kabla yake Kyle Gabler na Ron Carmel, waliotengeneza World of Goo wakiwa hawana hata ofisi, wakifanyia kazi kwenye migahawa ya San Francisco, waliadhimisha mwaka mmoja wa gemu yao kwa kumwachia kila mtu ajipangie bei. Wengi walilipa senti moja. Hata hivyo wengine walilipa zaidi, na jumla ikawa pesa ya kueleweka. Mwaka 2010 likaja Humble Bundle, furushi la gemu kadhaa kwa bei uitakayo, sehemu ikienda kwa hisani, na furushi la kwanza lilizidi dola milioni moja.

Wanahistoria wa mambo haya hupenda kuuweka mwaka 2008 kuwa ndio mwanzo, kwa sababu Jonathan Blow alitoa Braid kwenye duka la mtandaoni la Xbox baada ya kutumia karibu dola 200,000 za mfukoni mwake. Braid ina werevu mwingi. Unarudisha wakati nyuma na mafumbo yake yanakufumbua macho. Kwangu ni baridi, kama mwalimu wa hesabu anayejua kwamba hujamwelewa na anafurahia. Lakini umuhimu wake siukatai. Maduka ya mtandaoni, Xbox na hasa Steam, ndiyo yaliyomrudishia ufunguo mtu wa chumbani. Hayakuhitaji rafu. Na waliokosa mtaji wakaanza kuwachangisha wachezaji wenyewe. Toby Fox aliomba dola 5,000 mwaka 2013, akapewa zaidi ya 51,000, na mwaka 2015 akatoa Undertale, ambayo unaweza kuimaliza bila kumuua adui hata mmoja ukiwa na subira ya kuzungumza nao.

Lucas Pope naye aliiacha kazi katika studio kubwa ya Marekani, akahamia Japani, na katika safari zake akawa anawatazama maofisa wa uhamiaji wakigonga mihuri. Mwaka 2013 akatoa Papers, Please. Wewe ni ofisa mpakani mwa nchi ya kubuni, Arstotzka, mwaka 1982. Foleni haiishi. Unalipwa kwa kila mtu uliyemhudumia, ukikosea unakatwa, na jioni unachagua baina ya chakula, kipasha joto na dawa ya mtoto. Anakuja mwanamume hati zake zimekamilika, nyuma yake mkewe amepungukiwa karatasi moja. Nimesimama kwenye foleni za mpakani, Namanga na Lunga Lunga, na siku zote nilimwona yule wa nyuma ya kioo kuwa ndiye tatizo. Pope alinikalisha kwenye kiti cha ofisa huyo. Michoro ni ya kijivu, muziki ni wa kijeshi, na sijui kitu kingine kilichonieleza rushwa inavyoanza kwa hesabu ndogo ya kodi ya nyumba.

Sasa nifike kwa mkulima. Eric Barone alimaliza shahada ya kompyuta katika jimbo la Washington mwaka 2011, akatafuta kazi, akakosa. Akasema atengeneze gemu ndogo ya shamba, mfano wa Harvest Moon ya Kijapani aliyoipenda utotoni, apate cha kuonyesha kwa waajiri. Ikamla miaka minne na zaidi. Usiku alikuwa akiwaonyesha watu viti katika ukumbi wa maonyesho jijini Seattle, mchana akichora, akitunga muziki, akizifuta sura za wahusika na kuzichora upya, huku mpenzi wake akisaidia kubeba gharama za nyumba. Stardew Valley ilitoka tarehe 26 Februari 2016. Imekwisha kuuza zaidi ya nakala milioni 40, na Barone bado huiongezea mambo mapya bila kudai malipo.

Unarithi shamba la babu, unaacha kazi ya kampuni, unapanda viazi, unamwagilia, ndege wanakula, unasimika kinyago cha kuwafukuza. Msimu una siku 28 na ukiisha, mazao ya msimu huo yanakauka yote. Mamangu hulima nyanya Taveta, na alipokuja kunitembelea alikaa nyuma yangu akitazama. Niliweka mazao kwenye sanduku lililo kando ya nyumba, nikaenda kulala ndani ya gemu.

“Huyo anayechukua usiku analipa lini?” aliuliza.

“Asubuhi, mama.”

“Bei ni ile ile?”

“Ile ile.”

“Na dalali yuko wapi?”

Hakuna dalali. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nyanya zake zikifika soko la Kongowea huwa zimepita mikono ambayo hajawahi kuiona, na bei yeye huwa wa mwisho kuijua. Katika gemu yenye mazimwi, wachawi na mapango ya dhahabu, alichokiona kuwa ni uongo mtupu ni lile sanduku. Nadhani hapo ndipo penye siri ya mauzo yote hayo: Barone, aliyekosa ajira, alijenga dunia ambamo jasho halidhulumiwi.

Gemu za karibuni ninazozikimbilia ni fupi zaidi. A Short Hike ya Mkanada Adam Robinson-Yu, ya mwaka 2019, ni hadithi ya ndege aitwaye Claire anayepanda mlima ili simu yake ipate mtandao. Njiani unaokota manyoya ya dhahabu yanayokuwezesha kupaa na kukwea zaidi, na alasiri moja inatosha kuimaliza. Mwaka huo huo House House ya Melbourne ikatoa Untitled Goose Game, ambamo wewe ni bata bukini mwenye roho mbaya katika kijiji cha Waingereza. Unaiba funguo za mtunza bustani, unamfungia mtoto ndani ya kibanda cha simu, huku kinanda kikicheza Debussy. Mpwa wangu, ambaye sasa anasoma, anaiona ndiyo kazi kuu ya akili za binadamu.

Afrika nayo imo, ingawa ufunguo ulichelewa kutufikia. Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa Aurion mwaka 2016, ikiwa na hadithi na mavazi ya Kiafrika mwanzo hadi mwisho. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mamake alidunduliza miaka mitatu akapata dola 300, akamnunulia laptopu, na kijana akawa anatembea mwendo wa saa nyingi kwenda kuichaji. Akajifunza, akatengeneza gemu ya amani iitwayo Salaam. Huyo simwiti mfano wa kuigwa, maana hakuna mama anayepaswa kufikishwa hapo ili mwanawe apate kompyuta.

Tangu 2017 Steam hutoza dola 100 tu kwa kila gemu unayotaka kuiuza, na itch.io, iliyoanzishwa na Leaf Corcoran mwaka 2013, haitozi chochote kuingia. Mlango u wazi, na kwa sababu u wazi, Steam pekee hupokea zaidi ya gemu 10,000 kwa mwaka. Nyingi hazichezwi na mtu. Flash ilizimwa mwisho wa 2020, na zile gemu zetu za saiba zingepotea zote kama wapenzi wasingezikusanya katika hifadhi ya Flashpoint. Kwa upande wa wanunuzi, sisi tusiokuwa na kadi za benki tulipata njia mwaka 2022, Safaricom na Visa zilipoleta kadi ya mtandaoni ya M-Pesa.

Kwa hiyo kisingizio cha kunakiliana kwa flashi za USB kimekwisha. Mwenye kompyuta ya mtumba na bando dogo aanze na Cave Story ile ya 2004, bado ni bure na mwenyewe aliitoa iwe bure. Akipata senti, alipie A Short Hike au Machinarium, na asingoje msamaha wa dola 5.