Wosia na Hesabu ya Vyombo vya Marehemu

Mtu akitaka kujua ukoo wake huwaendea wazee kwanza. Na wazee wakiisha kufa hutafuta maandiko. Katika nchi ya Uingereza maandiko yafaayo sana kwa kazi hii ni wosia za watu wa kale, pamoja na hesabu za vyombo vya nyumba zao. Nazo kwa sehemu kubwa zilitunzwa na Kanisa, kwani mpaka mwaka 1858 wosia zilithibitishwa katika mabaraza ya maaskofu, ndipo Serikali ikaitwaa kazi hiyo.

Desturi ilikuwa hivi. Mtu akifa, majirani waliingia nyumbani mwake, wawili au zaidi, wakapita chumba kwa chumba wakiandika kila kitu na thamani yake: vitanda, mashuka, vyungu, nafaka ghalani, ng'ombe, hata fedha alizowadai watu. Sheria ya mwaka 1529 iliamuru hivyo. Basi leo kilembwe wake, akiona kitanda cha mfumi kati ya vyombo, aweza kutambua kazi ya babu. (Hata katika bara letu, Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Nasik katika India, aliandika hesabu ya vitu vyake.)

Lakini msomaji na awe na hadhari. Ardhi haikuandikwa katika hesabu zile. Aonekanaye maskini wa vyombo huenda alikuwa na mashamba. Tena mwana asiyetajwa katika wosia si lazima awe amekataliwa. Pengine alikwisha kupewa fungu lake baba angali hai. Waliosahauliwa mno ni wake. Kabla ya sheria ya mwaka 1882, mwanamke mwenye mume kwa kawaida hakuweza kuandika wosia ila kwa idhini ya mumewe; kwa hiyo mabibi wa ukoo hutafutwa zaidi katika wosia za wajane. Nasi walimu, tuitwao kando ya kitanda cha mgonjwa tumwandikie, tuulize jina la mke na la kila binti, maana neno "watoto wangu" halimsaidii mjukuu.

Shakespeare alikufa mwaka 1616. Katika wosia wake mkewe ametajwa mara moja tu, akaachiwa kitanda cha pili kwa ubora. Wengi wamesema, ati hakumpenda. Sisi twaona ni hukumu ya haraka: kitanda kilikuwa mali siku zile, na hesabu ya vyombo vyake, ambayo ingalituonyesha vitanda vyote vya nyumba ile, ilipelekwa barazani, wala haijaonekana tena.