Penseli Ngumu au Laini? Historia ya Ncha ya Rangi na Unene wa Mpaka

Utangulizi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mtu anayelaumu chombo badala ya kufanya kazi. Niliitumia mimi mwenyewe nikiwa mwaka wa pili wa masomo ya ualimu hapa Uganda, siku niliponunua pakiti ya penseli za rangi bila kuuliza ni za aina gani. Nilikuwa ninatayarisha ramani ya mpaka wa kusini-magharibi mwa Uganda kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Niliichora kwenye karatasi ya manila kwa kipimo cha 1:1,000,000, nikaupaka mpaka rangi nyekundu, nikafurahi kuona jinsi rangi ilivyokoza. Mwanafunzi mwenzangu anayetoka Kisoro aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Ndugu yangu, sisi umetuweka wapi?" Nilikitafuta kijiji chao nisikione. Kilikuwa chini ya mstari.

Nilichukua rula nikaupima mstari ule. Ulikuwa na unene wa milimita 3. Kwa kipimo nilichotumia, milimita 1 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Kwa hiyo nilikuwa nimechora mpaka wenye upana wa kilomita 3, na wote wanaoishi ndani yake hawakuwa Uganda wala Rwanda. Penseli yangu ilikuwa laini, na ncha yake ilikuwa imekwisha kulika bila mimi kutambua.

Insha hii inaeleza kwa nini penseli moja ni ngumu na nyingine ni laini, tofauti hiyo ilitoka wapi, na ipi inafaa kwa kazi yenye mambo madogo madogo kama ramani ya historia. Hoja yangu ni kwamba ugumu si ubora wala ulaini si udhaifu. Kila mmoja ni jibu la kazi yake, na anayeijua historia ya majibu hayo hachagui kwa kubahatisha.

Risasi ambayo si risasi

Wazee wengi wa Afrika Mashariki bado huiita penseli "kalamu ya risasi". Jina hili limebeba kosa la kale la Wazungu. Katika karne ya 16, huko Borrowdale kaskazini mwa Uingereza, ilipatikana mbale ya madini meusi yaliyoacha alama safi kwenye karatasi. Mwaka 1565 mtaalamu wa Uswisi, Conrad Gesner, alieleza katika kitabu chake chombo cha kuandikia kilichotiwa madini ya namna hiyo ndani ya mti. Watu waliyadhani madini hayo kuwa aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele alionyesha kwamba ni kaboni, na mwaka 1789 Abraham Werner akayapa jina la grafiti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika. Kosa lilisahihishwa katika sayansi, lakini jina lilikwisha kusafiri, nasi tukalipokea pamoja na kalamu yenyewe.

Kwa zaidi ya karne mbili hapakuwa na mtu aliyechagua ugumu wa penseli. Mtu alitumia kile ambacho mlima ulimpa. Vita ndivyo vilivyobadilisha hali hiyo. Mwaka 1793 Ufaransa na Uingereza ziliingia vitani, na Wafaransa wakakosa grafiti ya Borrowdale. Nicolas-Jacques Conté alipewa kazi ya kutafuta njia nyingine, na mwaka 1795 akapata hataza ya njia yake. Alisaga grafiti hafifu ikawa unga, akauchanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, akaukanda, akatengeneza vijiti vyembamba na kuvichoma katika tanuri. Huko Vienna, Joseph Hardtmuth naye anatajwa kuwa alitumia udongo kwa namna kama hiyo.

Jambo kubwa katika njia hii halikuwa kupata penseli bila Uingereza. Kubwa lilikuwa kwamba udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na alama yake inafifia. Grafiti ikizidi, penseli inakuwa laini na nyeusi zaidi. Kwa mara ya kwanza mtengenezaji aliweza kuamua. Baadaye zikaja herufi tunazoziona hadi leo ubavuni mwa penseli: H, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la ugumu, na B, ya neno la weusi. Mpimaji wa ardhi alitaka H, kwa sababu mstari wake ni mwembamba na haupakazi. Msanii alitaka B, kwa sababu alihitaji kivuli kizito. Tangu hapo ugumu na ulaini vikawa vya kazi mbili, si vya daraja la juu na la chini.

Rangi haiingii tanuri

Penseli za rangi zilifuata njia tofauti, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani penseli nyekundu ni sawa na penseli ya kawaida iliyotiwa rangi. Sivyo. Moto wa tanuri ungeharibu rangi nyingi. Kwa hiyo kiini cha penseli ya rangi hukaushwa tu, bila kuchomwa kama kile cha Conté. Ndani yake mna unga wa rangi, unga wa kujazia kama vile talki au udongo mweupe, gundi ya kushikamanisha, na nta au mafuta. Nta ikiwa nyingi, kiini huwa laini na rangi hutoka kwa wingi hata bila kukandamiza. Unga wa kujazia na gundi vikizidi, kiini huwa kigumu, ncha hudumu, lakini rangi hutoka kidogo kidogo.

Katika karne ya 19 mji wa Nuremberg na viunga vyake vilikuwa kitovu cha kazi hii. Ndipo Johann Sebastian Staedtler alipoanzisha kiwanda chake mwaka 1835, na ndipo palipokuwa na ukoo wa Faber. Penseli za rangi zilipata kazi nyingi maofisini: kutia alama kwenye hesabu, kusahihisha maandishi, kuchora juu ya ramani. Mashuhuri zaidi ilikuwa ile ya ncha mbili, upande mmoja nyekundu na upande wa pili bluu. Wasanii nao walitengenezewa seti kubwa kubwa. Kampuni ya Faber-Castell ilitoa Polychromos mwaka 1908, zikiwa rangi 60, zenye kiini cha mafuta na kigumu kiasi. Caran d'Ache ya Uswisi ilitoa Prismalo mwaka 1931, ambazo rangi yake huyeyuka kwa maji. Huko Marekani, Eagle Pencil Company ilitoa Prismacolor mwaka 1938, zenye kiini laini cha nta.

Kampuni hiyo hiyo ya Eagle ilitengeneza pia penseli iliyoitwa Verithin, yenye kiini chembamba na kigumu, kwa ajili ya mistari myembamba. Jambo hili linatufundisha mengi. Kiwanda kimoja kiliziuza zote mbili, kwa sababu kilijua kwamba anayejaza eneo na anayechora mstari hawahitaji kitu kimoja.

Hata mti unaokizunguka kiini una sehemu yake katika habari hii. Kiini laini huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo huhitaji mti usio mgumu na wenye nyuzi zilizonyooka, unaochongeka bila kukitikisa. Mierezi ya Marekani ilipoanza kuadimika, watengenezaji waliugeukia mtarakwa wa nyanda zetu za juu, ambao Wazungu waliuita mwerezi wa penseli wa Afrika Mashariki. Katika milima ya Usambara, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilijengwa njia ya kamba za chuma iliyoshusha mbao kutoka misitu ya Shume hadi Mkumbara kwenye reli. Hivyo basi, kabla penseli za Ulaya hazijawa kitu cha kawaida katika shule zetu, miti yetu ilikwisha kwenda Ulaya kuwa penseli.

Mstari mnene na ardhi ya watu

Je, unene wa mstari una uzito wowote katika historia? Tuangalie mpaka uleule nilioukosea. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba mpaka wa maeneo yao ungefuata latitudo ya digrii 1 kusini mwa Ikweta, kuvuka Ziwa Viktoria, hadi kufikia Dola Huru ya Kongo. Waliongeza sharti kwamba mlima waliouita Mfumbiro ubaki upande wa Uingereza, hata kama ungeonekana kuwa kusini mwa mstari. Waliokuwa mezani hawakuujua vizuri mlima wenyewe wala mahali ulipo. Ilichukua takriban miaka 20 kabla ya Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji kuafikiana huko Brussels mwaka 1910, na wapimaji wakafika milimani mwaka 1911. Mpaka ukapitishwa kwenye vilele vya volkano, Muhavura hadi Sabinyo, na Bufumbira ikawa Uganda, ingawa watu wake walikuwa na lugha na jamaa upande wa pili.

Mambo kama hayo yalitokea kwingine. Katika makubaliano ya siri ya Sykes na Picot ya mwaka 1916, Mashariki ya Kati iligawanywa kwa rangi: bluu kwa Ufaransa, nyekundu kwa Uingereza. Mwezi Oktoba 1944, mjini Moscow, Churchill aliandika kwenye kipande cha karatasi asilimia za ushawishi katika nchi za Balkani, na kwa masimulizi yake mwenyewe, Stalin alichukua penseli ya bluu akatia alama kubwa ya kukubali.

Sisemi kwamba penseli laini ndiyo iliyoigawa Bufumbira. Iliyoigawa ni tamaa ya mataifa makubwa. Ninachosema ni kwamba mstari mnene huficha kutojua. Mwanafunzi anayeona mpaka mpana na mwekundu sana hawezi kuuliza ni mlima gani ulikuwa unabishaniwa, kwa sababu mlima wenyewe umefunikwa. Mstari mwembamba humlazimisha mchoraji kuamua unapita wapi hasa, na humpa msomaji nafasi ya kuhoji.

Ipi kwa kazi ipi?

Baada ya aibu ile niliazima penseli ngumu nikazijaribu pamoja na zangu laini. Niliyoyaona ni haya.

Penseli ngumu hushika ncha kwa muda mrefu. Mstari wake huanza na kuisha kwa unene mmoja. Haipakazi chini ya kiganja, na maandishi ya wino hukaa vizuri juu yake. Udhaifu wake ni kwamba rangi yake ni hafifu, na ukiikandamiza ili ikoze, inachimba mfereji kwenye karatasi ambao raba haiwezi kuuondoa. Ni afadhali kupita mara tatu kwa mkono mwepesi kuliko mara moja kwa nguvu.

Penseli laini hujaza vijishimo vya karatasi haraka na rangi zake huchanganyika vizuri. Kwa ziwa au eneo la ufalme mzima, hiyo ndiyo ya kutumia. Lakini ncha yake hulika upesi, hukatika ndani ya kichongeo, na ikipakwa nzito, baada ya siku kadhaa nta hupanda juu na kuacha ukungu mweupe. Ukungu huo hufutika kwa kitambaa laini, lakini picha itakuwa imekwisha kumshtua mwenyewe.

Mtu anaweza kupinga kwamba hata penseli laini ikichongwa mara kwa mara itatoa mstari mwembamba. Ni kweli, kwa mstari mfupi. Kwa mstari mrefu, unaanza mwembamba na kuisha mnene, na katika ramani hilo ni kusema kwamba mpaka unapanuka kadiri unavyokwenda magharibi.

Kwa hiyo nilifuata mpangilio huu: kwanza mipaka na mito kwa penseli ngumu, kisha maeneo kwa penseli laini, mkono mwepesi, nikiacha nafasi ndogo kando ya mstari, mwisho penseli ngumu ya rangi ileile kumalizia kingo. Niliacha pia manila, kwa sababu uso wake wenye chembe hukatakata mstari wa penseli ngumu, nikatumia karatasi nyororo. Mpaka wangu wa pili ulikuwa na unene wa nusu milimita, yaani nusu kilomita. Bado si mwembamba kama mpaka wa kweli, lakini vijiji vilirudi.

Kwa mwanafunzi mwenye fedha za pakiti moja tu, ushauri wangu ni kununua ngumu. Rangi hafifu inaweza kuongezwa tabaka mpaka ikakoza, ilhali mstari mnene haupunguziki.

Hitimisho

Tumeona kwamba uwezo wa kuamua ugumu ulizaliwa na vita na udongo wa mfinyanzi, na kwamba ulaini wa penseli za rangi ulitokana na nta na mahitaji ya wasanii. Tumeona pia kwamba kwa kazi ya mambo madogo madogo, penseli ngumu ndiyo ya kuanzia na kumalizia, na laini ni ya katikati. Methali ya jembe bado ni ya kweli kwa mvivu, lakini wahenga haohao walisema kila chombo kwa wimbile.

Nilimwonyesha mwenzangu wa Kisoro ramani ya pili. Aliinama, akaweka kidole upande wa Uganda, karibu kabisa na mstari, akasema, "Hapa." Walimu wenzangu watarajiwa, tunapotundika ramani mbele ya darasa, tukumbuke kwamba huenda kuna mtoto anayetafuta kwao. Tuchonge penseli kwanza.