Harufu, Uloto na Jeni za Kinga: Unguja Ianzie Wapi?

Jeni za kinga za kundi la HLA, zilizo kwenye kromosomu ya 6, zimevuma kwa habari za mapenzi kuliko za tiba. Naona Unguja ina kila sababu ya kuanza na tiba.

Habari ya mapenzi ilianzia kwa panya. Mwaka 1976 watafiti wa New York waliripoti kwamba panya dume huelekea kupanda majike wenye jeni za kinga tofauti na zao. Mwaka 1995, huko Bern, Claus Wedekind aliwapa wanafunzi wa kike fulana zilizolaliwa na wanaume kwa usiku mbili. Wengi walipendezwa na harufu za wasiofanana nao kwa HLA, ila waliokuwa wakimeza vidonge vya uzazi wa mpango walielekea kinyume. Uchambuzi wa mwaka 2008 haukuona dalili ya kupendelea wasiofanana katika ndoa za Wayoruba wa Nigeria.

Wanaume wa Bern walikatazwa manukato. Mji Mkongwe nguo hufukizwa udi, biharusi husingwa liwa na kuvikwa asumini, na posa hupelekwa na wazee, mara nyingi kwa binamu. Pua ya kijana ina nafasi gani hapo? Wedekind na Manfred Milinski walionyesha mwaka 2001 kwamba wenye HLA za aina moja huelekea kujichagulia manukato yanayofanana. Kulijaribu hilo kwa udi na langilangi kungependeza, lakini hakuna mgonjwa anayelisubiri.

Anayesubiri ni mtoto wa selimundu. Kosa la jeni moja ya himoglobini limedumu pwani kwa sababu, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954, mwenye nakala moja hukingwa na malaria kali. Sasa malaria imepungua sana Unguja, ila jeni ipo. Haidroksiyurea hupunguza maumivu. Njia mojawapo inayoweza kuponya ni kumpandikizia mgonjwa seli shina za damu kutoka uloto wa mtu mwingine, na kwa kawaida hutafutwa mtu anayelingana naye HLA. Kila mzazi humrithisha mtoto fungu moja la jeni hizo, kwa hiyo ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana.

Asiye na ndugu wa kulingana naye afanyeje? Hesabu za Marekani za mwaka 2014 ziliwapa wenye asili ya Ulaya nafasi ya asilimia 75 ya kupata mtoaji wa kulingana nao kwenye rejesta ya watoaji wa hiari. Makundi ya weusi hayakufika 20. Hali ya Mswahili huenda ni ngumu zaidi: DNA ya kale iliyochapishwa mwaka 2023, ikiwemo ya Mtwapa na Kilwa, inaonyesha damu ya Kiafrika na ya Kiajemi zikichanganyika tangu karibu mwaka 1000. Mchanganyiko huo hauwezi kutafutwa Ulaya.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshawapandikiza uloto watoto wa selimundu. Muscat, penye jamaa wengi wa Wazanzibari, upandikizaji ulianza miaka ya 1990. Kwa hiyo ndugu wa kila mtoto anayehudhuria kliniki ya selimundu wapimwe HLA, kwa ridhaa, na wachangiaji damu waombwe kuingia kwenye rejesta ya pwani. Binamu wasisahauliwe: ndoa za ukoo huongeza hatari ya wabebaji wawili kukutana, na pia huongeza uwezekano wa kupata mtoaji ndani ya ukoo. Saudi Arabia imelazimisha kipimo cha selimundu kabla ya ndoa tangu mwaka 2004. Kwetu kitolewe kwa hiari, wakati wa posa, kabla mahari hayajatajwa.