Namna ya kuunda mfano mdogo wa kuta za Thimlich Ohinga

NGOME ya mawe ya Thimlich Ohinga, iliyoko umbali wa kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2018. Inakisiwa kuwa ilijengwa katika karne ya 16. Maboma mengine ya aina hiyo yametapakaa katika sehemu za Kadem na Karungu, Migori, hadi Gwassi katika Homa Bay.

Mwanafunzi anayetakiwa kuunda mfano wa boma hili huenda akakimbilia gundi au saruji. Hapo atakuwa amekosea, kwa kuwa kuta hizo zilijengwa bila udongo wala saruji. Kinachozishikilia ni mpango wa mawe pekee.

Kuta halisi zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa takriban mita moja. Ukitumia kipimo cha moja kwa 20, ukuta wa mita tatu utakuwa na sentimita 15, na unene wake sentimita tano. Kwa kuwa boma zima halitatosha mezani, jenga kipande kimoja chenye lango.

Tandaza mchanga juu ya ubao imara, kisha uchore msitari uliopinda. Chagua mawe madogo yenye pande bapa. Kokoto za mviringo huteleza. Panga safu mbili, ya nje na ya ndani, ukianza na mawe makubwa. Katikati yazo jaza vijiwe vidogo. Kila jiwe likalie pale mawe mawili ya chini yake yanapokutana, ili nyufa zisifuatane kutoka juu hadi chini. Pandisha safu zote kwa pamoja.

Lango lilikuwa kizuizi kwa makusudi. Lilifanywa jembamba na fupi ili anayeingia ainame, naye adui asiweze kuwashambulia wenyeji kwa ghafla. Katika mfano wako, mtu mzima atakuwa na sentimita nane na nusu. Basi kimo cha lango kisizidi sentimita sita. Juu yake laza mawe marefu yanayofika pande zote mbili. Ndani weka zizi na ng'ombe wa udongo, maana mifugo ndiyo mali iliyolindwa.

Kazi ikiisha, chomoa jiwe moja la chini. Mawe ya juu yatalegea, na pengine sehemu nzima itaporomoka. Hilo ndilo somo kuu. Jamii zilizoishi humo hadi katikati ya karne ya 20 zilirekebisha kuta mara kwa mara. Leo mizizi ya miti, mifugo inayopanda kuta na watu wanaobeba mawe kwa ujenzi waweza kuangusha kazi ya karne nyingi.

Kwa sababu hiyo, usiokote mawe ya mfano wako katika boma lolote la kale, hata kama limeachwa vichakani. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 inalinda mahali pa aina hiyo. Kokoto za mtoni au za kando ya barabara zatosha.